Simu ya 116 Ikishakatwa

Mtu akipiga 116 kutoka popote Tanzania, Bara au Visiwani, hatozwi hata senti moja. Simu yake inapokelewa na mshauri wa Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa ushirikiano na serikali. Kenya na Uganda nako namba ni hiyohiyo na kazi ni ileile. Tunapoisifu huduma hii mara nyingi tunasifu usikivu wake: sauti ya upole, subira, mtoto kuaminiwa anachosema. Yote yanastahili sifa. Lakini mshauri hana gari, hana mamlaka ya kumkamata mtu, wala hana kitanda cha kumlaza mtoto usiku huo. Anachoweza ni kumfikisha mtoto kwa wenye navyo. Naamini hapo ndipo penye uzito wa kazi yake, na hapo ndipo tumekuwa na mkono wa birika.

Tuseme jirani amepiga kueleza kwamba binti wa kazi wa nyumba ya pili anapigwa. Swali la kwanza ni mahali. “Majengo,” anajibu. Kuna Majengo ya Moshi, kuna ya Dodoma, kuna ya Songea, na Majengo nyingine kadhaa. Mshauri inabidi ashuke na mpigaji ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, mtaa au kijiji, kisha alama anayoijua mwenyeji, iwe msikiti, mashine ya kusaga au kituo cha daladala. Mpigaji mwenye hofu huona kama anahojiwa yeye. Lakini ulinzi wa mtoto umepangwa kwa mipaka ya utawala. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ya jirani, hata awe na moyo kiasi gani, hilo si eneo lake. Kata ikikosewa, siku nzima inaweza kupotea.

Mahali pakishajulikana, inabaki kujua aina ya shida. Mama aliyeachiwa watoto bila matunzo anaelekezwa ustawi wa jamii, pengine baadaye mahakamani, na shauri lake laweza kusubiri hadi Jumatatu. Mtoto aliyebakwa hawezi kusubiri. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na zikiwahi zaidi ni bora zaidi. Kwa hiyo mshauri anahesabu saa tangu tukio, anamsihi mama asimwogeshe mtoto wala kufua nguo zake kabla hajaonwa na daktari, na papo hapo anatafuta kituo cha karibu chenye dawa hizo. Kuna polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto. Kuna PF3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza alichokiona. Penye kituo cha Mkono kwa Mkono, kama Hospitali ya Amana jijini Dar es Salaam au Mnazi Mmoja kule Unguja, tabibu, polisi na ustawi wa jamii wanakutana chini ya paa moja, na mtoto halazimiki kuurudia mkasa wake katika kila ofisi. Pasipo na kituo cha namna hiyo, ni mshauri anayewaunganisha watu hao kwa simu.

Akiambiwa kuna msichana anaozwa, mshauri atauliza kama bado ni mwanafunzi. Swali linaweza kuonekana la pembeni, lakini tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa lenye adhabu ya kifungo cha miaka 30. Jibu la swali hilo linaamua polisi waingie kwa uzito gani.

Kazi yote hii inategemea orodha: nani anapatikana wapi, kwa simu ipi, saa ngapi, na anapokea watoto wa umri gani. Wamarekani walioanzisha namba 211, ya kuwaelekeza wahitaji kwenye misaada, mjini Atlanta mwaka 1997 walilijua hilo. Mji ulikuwa na mashirika mengi ya misaada, na mhitaji alikuwa anapotea katikati yake. Namba ile ilikuwa na maana kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu wanaojua nani anatoa nini.

Kwetu, kuitunza orodha ni kazi ngumu zaidi ya inavyodhaniwa. Namba ya afisa mara nyingi ni simu yake ya mkononi, na akihamishwa inaondoka naye. Wilaya zinagawanywa, mikoa mipya inaundwa kama Songwe mwaka 2016, na afisa aliyekuwa na kata tano anajikuta na kumi. Namba iliyokufa haijitangazi. Hugundulika saa nne usiku, mtoto akiwa kwenye laini. Ndiyo maana namthamini sana mfanyakazi anayepiga simu mchana kutwa kuuliza, “Mheshimiwa, bado uko kituo hicho?” Hana mkasa wa kusimulia kwenye ripoti, ila akiacha kazi hiyo miezi michache, wenzake wote watakuwa wanaelekeza watoto kwenye milango iliyofungwa.

Tena kuna tofauti kubwa kati ya kumpa mtu namba na kumfikisha. Namba unampa kwa sekunde kumi, lakini mpigaji huenda hana salio, simu ni ya kuazima, na akimfikia afisa itabidi aanze kueleza upya. Kumfikisha ni kumpigia afisa wewe mwenyewe, kumweleza kisa, kupata ahadi ya muda, na siku ya tatu kupiga tena kuuliza mtoto yuko wapi. Hesabu ya simu zilizopokelewa hailionyeshi hilo, hasa kwa kuwa huduma za namna hii hupokea simu nyingi za kimya na za watoto wanaojaribu tu kama namba ni ya kweli. Simu hizo nazo zipokelewe kwa heshima, kwani leo anajaribu, kesho atakuwa na neno.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi wao hawakutafuta huduma yoyote. Anayepiga 116 ameshaushinda ukimya huo mara moja. Akielekezwa kwa afisa asiyepatikana, sioni kwa nini tumtarajie ajaribu tena.

Washauri nao wanaumia. Wanasikia mwanzo wa mikasa mingi na mwisho wa michache, na mzigo huo wanarudi nao nyumbani. Ushauri wa msimamizi baada ya zamu ni wa lazima, lakini linalotuliza zaidi ni kupata jibu: mtoto yuko kwa shangazi yake, kesi imefunguliwa, amerudi shule. Jibu hilo linatoka halmashauri. Madiwani wakikaa kupitisha bajeti, waulize kama ofisi ya ustawi wa jamii ina laini ya simu inayobaki mezani afisa akihamishwa, na ina mafuta ya pikipiki ya kumfikisha kijiji cha mwisho siku hiyohiyo anapopigiwa.