Viza ya Miezi Sita, Siku za Kukaa Tisini

Hapa Basoko, mahali ambapo mto Aruwimi unamwaga maji yake katika mto Kongo, safari si jambo geni. Wazee wetu walikuwa watu wa mitumbwi. Lakini wazee hao hao walijua kwamba kukaa ugenini kuna kipimo chake. Kwa amri ya mwaka 1933 serikali ya Ubelgiji ilimkataza mwenyeji kukaa nje ya tarafa yake zaidi ya siku 30 mfululizo bila hati maalum ya kuhama. Sheria hiyo imekwisha pita, wala hatuisikitikii. Twaikumbuka kwa sababu mtu wa hapa atakaye leo kwenda Ulaya kuwatembelea watoto wake hukuta kipimo cha namna ileile, ila siku zimekuwa 90.

Tuchukue mfano wa mama anayeitwa Brussels na binti yake aliyejifungua. Binti ataka mama yake akae naye miezi sita. Mama aomba viza, apewa, naye asoma juu yake tarehe ya kwanza na tarehe ya mwisho. Kati yake mna miezi sita kamili. Ashukuru, afunga mizigo. Kumbe chini kidogo kuna nafasi nyingine, ndogo, isiyosomwa na wengi: muda wa kukaa, siku 90. Zile tarehe mbili zaonyesha tu ni lini viza yaweza kutumika. Ile hesabu ya siku ndiyo ruhusa yenyewe ya kukaa. Tumeona watu wenye elimu wakikosea hapo, basi asione haya mtu asiyejua Kifaransa.

Sheria ya nchi za Schengen, ambazo sasa ni 29, ni hii: mgeni akae siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Siku ya kuingia yahesabiwa, na siku ya kutoka pia. Kutoka Brussels kwenda Paris kwa shangazi hakuanzishi hesabu mpya, maana nchi hizo zahesabu pamoja. Hata mwenye viza ya miaka miwili, au mitano, hufungwa na hesabu hiyo hiyo. Zamani afisa alihesabu mihuri katika pasipoti. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kuandika kila kuingia na kutoka kwa mashine, pamoja na picha ya uso na alama za vidole. Mashine haina huruma wala usahaulifu. Aliyezidisha siku aweza kufungiwa mlango kwa muda, na viza yake ijayo huwa ngumu.

Basi atakaye kukaa zaidi afanyeje? Wengi husema: «Nitaongezewa nikiwa kule kule.» Hayo ni matumaini mabaya. Viza ya matembezi huongezwa kwa sababu nzito tu, kama ugonjwa unaomzuia mtu kusafiri. Kumpenda mjukuu si mojawapo, ingawa sisi tungeiweka ya kwanza.

Njia iliyo halali ni viza ya muda mrefu, iitwayo D, ambayo kila nchi huitoa yenyewe. Kwa kawaida huombwa kabla ya kuondoka nyumbani, kwa ajili ya masomo, kazi au kuungana na jamaa. Ufaransa inayo hata moja kwa ajili ya mgeni wa kukaa tu, ambaye huonyesha fedha za kumtunza na kuahidi kwamba hatafanya kazi. Ni njia ya wenye fedha, tuseme kweli.

Gharama nazo zifikiriwe mapema. Tangu Juni 2024 ada ya viza fupi kwa mtu mzima ni euro 90, nayo hairudishwi ukikataliwa. Yatakiwa pia bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Juu ya hayo kuna safari ya mtoni hadi Kinshasa, ambayo msomaji wa Basoko haihitaji kuelezwa.

Kwa majirani zetu wa mashariki mambo ni mepesi zaidi. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kanuni za soko la pamoja la Jumuiya, lililoanza mwaka 2010, zataja pasi ya mgeni ya hadi miezi sita. Hata hivyo si kila mpaka unaotenda sawasawa, ulizeni kwanza.

Tena, mkiwa na wageni watakaofika kwetu kwa kupitia Entebbe, waonyeni. Viza ya pamoja ya watalii ya Kenya, Uganda na Rwanda huwapa siku 90 kwa dola 100, lakini mtu akitoka nje ya nchi hizo tatu, hata kwa juma moja la kuiona Kisangani, imekwisha.

Tumrudie mama yetu. Akiingia Brussels tarehe 1 Machi, siku yake ya 90 ni tarehe 29 Mei. Akikaa nyumbani tangu hapo, viza yake ikiwa bado hai na ya kuingia mara nyingi, aweza kurudi tarehe 28 Agosti kwa siku 90 nyingine. Mtoto atakuwa ameanza kukaa. Ila tiketi ya kurudi isiandikwe tarehe 29 Mei yenyewe. Iandikwe siku nne au tano kabla, maana ndege nazo huchelewa kama meli zetu.