Vifaa vya kurusha picha ya simu kwenye runinga: Vijaribu dukani kabla ya kuvusha mpaka

WAFANYABIASHARA kutoka Lubumbashi, Bujumbura na Kigali wanaofuata mzigo Kariakoo, Dar es Salaam, wana sababu ya kukipenda kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI ili video ya simu ionekane kwenye runinga. Ni chepesi, na makasha mengi huingia kwenye begi moja.

Hasara huanza pale mteja anaporudi dukani akilalamika kwamba simu yake haikioni kifaa. Aliyekiuza kwa jumla yuko ng'ambo ya mpaka, na nauli ya kukirudisha inazidi bei yake. Mara nyingi kifaa chenyewe si kibovu, ila ameuziwa mtu mwenye simu isiyoendana nacho.

Mfumo wa kwanza ni Miracast, uliotoka mwaka 2012. Hapa simu hutuma picha moja kwa moja kwenye kifaa bila kutumia intaneti. Unamfaa mteja mwenye filamu kwenye memori kadi na asiyetaka kumaliza bando. Lakini iPhone haina Miracast, na hata simu za Android si zote zinazo. Kwenye Samsung huitwa Smart View. Simu nyingine hutumia majina mengine.

Mfumo wa pili ni ule ulioletwa na Chromecast mwaka 2013. Simu hugeuka kuwa rimoti tu. Kifaa cha kwenye runinga ndicho kinachochota video kutoka intaneti. Unakubali Android na iPhone kwa programu kama YouTube, mradi simu na kifaa viwe kwenye Wi-Fi moja. Mteja asiye na intaneti ya nyumbani ataona gharama yake: Netflix yenyewe inaeleza kuwa video ya HD hula hadi GB 3 kwa saa. Isitoshe, Google ilitangaza Agosti 2024 kwamba inaacha kutengeneza Chromecast, hivyo anayeuziwa kasha lenye jina hilo aulize ni toleo gani.

Wa tatu ni AirPlay wa Apple, kwa wenye iPhone. Vifaa vingi vya bei nafuu huandikwa kwenye kasha kwamba vinakubali mifumo yote mitatu. Maandishi hayo si ushahidi.

Waya wa kutoka simu kwenda HDMI nao una mtego. Hufanya kazi tu kama tundu la simu linatoa picha, na simu nyingi za bei ya chini hutoa chaji na mafaili pekee.

Ndiyo maana kipimo kinafaa kufanyika palepale kaunta. Mnunuzi aende na simu za aina wanazotumia wateja wake: Android ya bei nafuu, Samsung na iPhone. Aombe kifaa kichomekwe kwenye runinga, kisha arushe video iliyo ndani ya simu huku data ikiwa imezimwa. Halafu awashe intaneti na kujaribu YouTube. Aangalie pia kama umeme wa tundu la USB la runinga unakitosha.

Chaja nayo isisahaulike. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia plagi ya meno matatu bapa, wakati Burundi, Rwanda na Kongo hutumia meno ya duara. Kasha lenye chaja isiyoingia ukutani humlazimu muuzaji kuongeza adapta kwa gharama yake.

Mwisho ni forodha. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kongo ni mwanachama tangu 2022, lakini kifaa kilichotengenezwa China hakistahili cheti hicho, hata kama kilinunuliwa Kariakoo kwa risiti halali. Mfanyabiashara amuulize wakala wa forodha kiasi cha ushuru na kodi kabla ya kulipia mzigo, kisha akiingize kwenye bei.

Kwa anayeanza, vifaa vitano vilivyojaribiwa vyote ni salama kuliko hamsini vilivyonunuliwa kwa kusoma kasha. Vikiisha bila kurudishwa, safari ya pili atajua cha kuagiza.