Sura ya Sita: Imani, Umri na Akili Inayochoka

Kila ninapozungumzia magonjwa ya akili huku Uha, mkoani Kigoma, iwe Kitahana, Kibondo mjini au Kasulu, kauli mbili hunifuata. Ya waumini: mwenye imani ya kweli hapati sonona. Ya wasomi waliorudi likizo: dini ndiyo inayowavuruga watu wetu. Zote mbili ni za uvivu, na zote mbili zina madhara. Ya kwanza humfanya mgonjwa aone aibu, ya pili humfanya mhudumu wa afya ampuuze mchungaji na shekhe, watu ambao mgonjwa huwaendea kabla hajafika zahanati.

Nianze na takwimu, maana ndiyo kazi yangu. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia wauguzi wanawake 89,708 kuanzia mwaka 1996 hadi 2010. Waliokwenda ibadani walau mara moja kwa wiki walijiua kwa kiwango cha chini karibu mara tano kuliko wasiokwenda kabisa. Wahubiri wakisikia namba hiyo hushangilia. Ngojeni kidogo. Mtu mwenye sonona huacha kwenda ibadani. Hana nguvu ya kuoga, sembuse kupanda kilima asubuhi ya Jumapili. Ukihesabu tu waliomo kanisani ukawakuta wachangamfu, hujajua kama ibada imewachangamsha au wasiochangamka wamebaki kitandani. Ndiyo maana watafiti hawa waliuliza kwanza habari za ibada, wakasubiri miaka, kisha wakaangalia yaliyotokea, huku wakizingatia pia nani alikuwa tayari na dalili za sonona. Tofauti ilibaki. Hata hivyo, hao ni wauguzi wa Marekani wenye mshahara, si wakulima wa maharage wa Kibondo. Tena kilichopimwa ni mahudhurio. Ukubwa wa imani ya mtu haukupimwa.

Kwa hali yetu, utafiti unaotufaa zaidi ni wa mwanasaikolojia Ed Diener na wenzake, uliotoka mwaka 2011 kwa kutumia takwimu za nchi zaidi ya 150. Mahali penye maisha magumu, watu wa dini walionekana kuridhika na maisha kuliko wasio na dini. Mahali penye neema, tofauti ilikaribia kutoweka. Na walipochunguza dini inaleta nini, walikuta mambo ya kawaida kabisa: watu wa kukusaidia, kuheshimiwa, na kuona maisha yana maana. Nenda Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996. Wakongo waliokimbia vita wakiwa na vifurushi tu wamejijengea makanisa, wana kwaya, wana wazee wa kanisa. Aliyekuwa fundi cherehani kwao, na hapa ni namba kwenye kadi ya chakula, Jumapili ni kiongozi wa sauti ya pili.

Nilikusudia kupita umri mmoja baada ya mwingine. Utoto na ujana nitaupita haraka: kijana mwenye kwaya au madrasa ana watu wazima wanaomjua kwa jina nje ya nyumba yao, na hilo lina faida kubwa, isipokuwa pale anapofundishwa kwamba kifafa chake ni pepo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi, na povu la mgonjwa halimdhuru anayemwinua. Kwa watu wazima, Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970: majirani wachache wanaokutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao. Asipofika mtu wiki mbili, ataulizwa. Waislamu wana eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, inayoupa msiba kalenda na kuwapa wengine sababu ya kumtazama mfiwa. Hospitali ngapi zinaweza hivyo?

Zamu ya wazee sasa, na hapa mpango wangu unaharibika, kwa sababu ya kamchape.

Vijiji vya Kigoma vinawajua, wengine wakiwaita lambalamba: kundi la watu wanaoingia kijijini, wananchi wanachangishwa, kisha nyumba za wanaodaiwa kuwa wachawi zinapekuliwa. Hudhaniwa ni mila ya mababu. Si kweli. Mwaka 1935 mwanaanthropolojia Audrey Richards aliwaeleza vijana waliovaa kizungu waliokuwa wakipita miongoni mwa Wabemba, Zambia ya leo, wakipanga watu mstari na kutafuta wachawi kwa vioo vidogo. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia mwingine, Roy Willis, aliandika juu ya kamchape wa Ufipa. Ni biashara inayohamahama, na karibu karne nzima haijamaliza uchawi katika kijiji hata kimoja.

Wanaonaswa mara nyingi ni wazee. Bibi anakutwa alfajiri uani kwa watu, nguo hana, hajui alifikaje. Kijiji kizima kinasema ameanguka kutoka kwenye ungo. Mimi nauliza maswali mengine. Je, mwaka jana alianza kurudia hadithi ileile? Alisahau chungu jikoni? Aliwaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokufa? Huo ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kutangatanga usiku ni dalili yake inayojulikana duniani kote. London mzee wa namna hiyo hurudishwa nyumbani na polisi. Usukumani macho mekundu ya moshi wa kuni, yanayodhaniwa kuwa alama ya uchawi, yamewaua vikongwe. Na mhubiri mwenye suti anayemwambia binti kwamba usahaulifu wa mama yake ni uchawi anafanya kazi ya kamchape, ila yeye ana kipaza sauti.

Tazama anachopoteza bibi huyo: watu wa kumsaidia, heshima, maana. Ni yaleyale matatu ya Diener, na yanachukuliwa katika umri ambao hana namna ya kuyapata upya. Binti yake naye anaacha kwenda ibadani kwa kuogopa macho ya watu, hivyo familia nzima inakosa kile kilichowashikilia wauguzi wa Marekani.

Msomaji, kiongozi wa ibada akikutaka uache dawa ya kifafa au ya akili ili kuthibitisha imani yako, muulize yeye akiugua malaria hufanya nini. Kisha endelea na dozi, na Jumapili nenda kasali kwa mwingine.