Armstrong na kijineno kilichopotelea mwezini

Neil Armstrong, mwanadamu wa kwanza kuukanyaga mwezi, aliaga dunia Agosti 25, 2012, akiwa na umri wa miaka 82. Tangu hapo, kila Julai inapowadia, walimwengu humkumbuka kwa sentensi moja tu aliyoitamka alipoutia mguu wake wa kushoto katika vumbi la mwezi: kwamba ile ilikuwa hatua ndogo kwa mtu, bali mruko mkubwa kwa wanadamu. Hapa Kenya ilikuwa Jumatatu, Julai 21, 1969, zikisalia dakika nne kutimia saa kumi na mbili asubuhi. Taifa lilikuwa lingali katika majonzi ya Tom Mboya, aliyeuawa Julai 5.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Hata hivyo, kwa kuwa riziki yangu inatokana na isimu, sentensi hiyo nimeishi nayo miaka mingi darasani, na kila mwaka huzua ubishi miongoni mwa wanafunzi wangu wa tafsiri. Sababu ni kwamba sentensi yenyewe, jinsi inavyosikika katika kanda, ina kasoro.

Kiingereza kina kijineno cha herufi moja ambacho hutangulia nomino ili kutenga kitu kimoja na jamii yake. Wanaisimu hukiita kibainishi. Nomino aliyoitumia Armstrong, ikitanguliwa na kijineno hicho, humtaja mtu mmoja. Ikivuliwa, huwataja wanadamu wote kwa jumla. Katika kanda ya 1969 kijineno hicho hakisikiki. Kwa hivyo, tukishikilia kilichosikika, Armstrong alisema kwamba hatua ile ilikuwa ndogo kwa wanadamu, na papo hapo ilikuwa kubwa kwa wanadamu. Huko ni kujipinga.

Mwenyewe alieleza kwamba alinuia kukitamka. Mwaka wa 2006 Peter Shann Ford, mtaalamu wa kompyuta wa Australia, alitangaza kuwa ameiona alama ya kijineno hicho katika mchoro wa mawimbi ya sauti. Baadhi ya wanaisimu hawakukubaliana naye. Mwaka wa 2013 watafiti wa vyuo vikuu vya Michigan State na Ohio State walilikabili suala hilo kwa njia nyingine: walichunguza mazungumzo ya wakazi wa Ohio, jimbo alikozaliwa Armstrong, wakabaini kwamba wasemaji wa huko aghalabu hukimeza kijineno hicho kinapofuata neno linalomaanisha "kwa". Yamkini, basi, mwanaanga wetu alikitamka kwa lafudhi ya kwao, na masikio ya dunia yakashindwa kukidaka.

Mswahili asingepatwa na tatizo hili. Lugha yetu haina kibainishi cha namna hiyo, kwani umoja na wingi hubebwa na viambishi vya ngeli. M- ya "mtu" haimezeki. Ukiiondoa, kinachosalia ni "tu", na hapo umekwisha kusema jambo jingine kabisa. Ndiyo maana mfasiri wa Kiswahili hana pa kujificha. Sharti aamue: aandike kilichosikika, au aandike kilichonuiwa? Wapo wanafunzi wanaoshikilia kwamba mfasiri hana idhini ya kuyatengeneza maneno ya marehemu. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo, mimi nasimama na wale wanaoandika "mtu", na ushahidi wangu hautoki katika kanda bali katika mwenendo wa Armstrong mwenyewe.

Tutazame picha zilizopigwa siku ile. Kamera ilikuwa mikononi mwake kwa muda mwingi, na kwa sababu hiyo ile picha mashuhuri ya mwanaanga aliyesimama wima mwezini si yake, ni ya mwenziwe, Buzz Aldrin. Armstrong anaonekana humo kama taswira ndogo tu katika kioo cha kofia ya Aldrin. Mtu wa kwanza kufika mwezini hana picha nyingi za mwezini!

Wala hakuwa mtu wa kukosa cha kujivunia. Alikuwa rubani wa kivita nchini Korea, akarusha ndege za majaribio, na mwaka wa 1966 akakinusuru chombo cha Gemini 8 kilipoanza kuzunguka ovyo angani. Wakati wa kutua mwezini, kompyuta ilipiga kamsa na mahali palipokusudiwa pakaonekana kujaa majabali. Akashika usukani mwenyewe, akatua salama ilhali mafuta ya kutulia yaliyosalia hayakutimia ya dakika moja.

Baada ya hayo yote, mwaka wa 1971 alikwenda kufundisha uhandisi wa vyombo vya anga katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, akashika chaki hadi 1979. Alipotambua kwamba sahihi zake zinauzwa kwa bei ya kuruka, aliacha kuwatilia watu sahihi. Mwaka wa 2000, akihutubia wanahabari mjini Washington, alijitambulisha kuwa ni mhandisi na kwamba atabaki kuwa mhandisi. Alipofariki, mabaki yake yalizikwa katika bahari ya Atlantiki. Hakuna kaburi la kuzuru.

Mtu wa aina hiyo hawezi kuwa alikusudia kujitangaza kuwa yeye ndiye wanadamu wote. Alijua fika kwamba nyuma yake walikuwapo watu wapatao 400,000 waliofanya kazi katika mpango wa Apollo, wakiwamo washonaji wa mavazi ya wanaanga, na Michael Collins aliyebaki peke yake katika chombo kilichokuwa kikiuzunguka mwezi ili wenziwe wapate njia ya kurudi. Wahenga wetu walisema mtu ni watu. Armstrong alijihesabu kuwa mtu, na ule mruko akawaachia watu.

Tumezoea kumkumbuka shujaa kwa kumkuza hadi wenziwe wasionekane. Kwa Armstrong, kufanya hivyo ni kumpokonya kijineno chake kwa mara ya pili. Kwa hivyo wanafunzi wangu nawaambia, nanyi wasomaji nawaomba: mnapoitafsiri sentensi ile, andikeni "mtu" bila kusita. Kama ulimi wake ulikimeza kijineno kile siku ile, alikitamka waziwazi kwa miaka 43 iliyofuata.