Jasusi mwaminifu na uongo wa wakubwa

MSOMAJI mpenzi, hebu fikiria hali hii. Mkubwa wako kazini amekasirika. Anasema kwamba fulani na genge lake wamemchosha, na kwamba sasa wamekuwa hatari kwa taifa zima. Unapomuuliza afanyiwe nini, anajibu kuwa njia ambayo angependa kuipendekeza ni ile asiyoweza kuipendekeza. Kisha ananyamaza na kukutazama. Hakukutuma ukaue mtu, wala hakutia sahihi popote. Lakini utokapo katika ofisi hiyo unaijua kazi uliyopewa, naye anajua kwamba unajua.

Hivyo ndivyo vita vinavyoanza katika "Clear and Present Danger", filamu iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwezi Agosti 1994. Mkubwa huyo ni rais wa nchi, kwa jina la mchezo Rais Bennett, na anayetazamwa ni James Cutter, mshauri wake wa usalama wa taifa. Ni sinema ya zamani kidogo, ndiyo, lakini kama kuna kijana nyumbani kwako anayesomea sheria, siasa au uandishi wa habari, mkalishe aitazame. Bunduki na mabomu yamo tele, wala sitakuficha, ila silaha ya hatari zaidi humo ndani ni kipande cha karatasi.

Jina lenyewe lina historia. Kwa Kiswahili ni kama kusema "hatari iliyo dhahiri na iliyopo sasa". Maneno hayo yalitumiwa na Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani mwaka wa 1919, katika kesi ya mtu aliyesambaza karatasi za kuwashawishi vijana wasikubali kuandikishwa jeshini. Jaji alikuwa akieleza ni lini serikali inaweza kuuwekea mpaka uhuru wa kusema. Mwandishi wa riwaya Tom Clancy, aliyefariki mwaka wa 2013, aliyachukua maneno hayo na kuyafanya jina la kitabu chake cha mwaka wa 1989. Na humo katika sinema rais anayatamka mwenyewe, safari hii yakiwa kisingizio cha kuanzisha vita ambavyo bunge halijaarifiwa. Tazama jinsi neno la mahakamani linavyoweza kuibwa likafanyiwa kazi nyingine!

Kisa kinaanzia baharini, katika bahari ya Karibi. Walinzi wa pwani wa Marekani wanaisimamisha mashua ya kifahari na kugundua kwamba mwenyewe, mfanyabiashara tajiri, ameuawa pamoja na familia yake. Marehemu alikuwa rafiki wa rais tangu zamani. Muda si muda inafichuka kwamba alikuwa akiwasafishia pesa walanguzi wa kokeni wa Cali, nchini Kolombia, na kwamba alikuwa amewamegea mamilioni. Walanguzi hawana mahakama ya madai. Wao hulipisha kwa risasi.

Hapo ndipo tunakutana na Jack Ryan, anayeigizwa na Harrison Ford, yule yule wengi mnayemjua kwa kofia na mjeledi wa Indiana Jones. Ryan ni mchambuzi wa habari katika shirika la ujasusi la CIA. Si komando. Ni mtu wa makaratasi, mwenye mke na watoto. Mlezi wake kazini, Jemadari Greer wa jeshi la majini, anaugua saratani, na Ryan anaombwa akalie kiti chake kwa muda. Greer anaigizwa na James Earl Jones, yule mzee wa sauti nzito aliyeaga dunia Septemba 2024.

Kuna jambo moja la mwanzoni ambalo hupita upesi, nawe usiliache likupite. Wasaidizi wa rais wanataka akanushe urafiki wake na marehemu, aseme walijuana juu juu tu. Ryan anapinga. Anasema wakiulizwa kama walikuwa marafiki, rais ajibu kwamba walikuwa marafiki wakubwa. Wakiulizwa kama walikuwa marafiki wakubwa, aseme ni marafiki wa maisha. Hapo waandishi wa habari watabaki bila pa kushika. Rais anaupenda ushauri huo, na anaufuata. Lo! Ukweli unatumika pale ikulu kwa sababu tu siku hiyo ulikuwa na faida. Ryan, maskini, anadhani amewapata watu wanaoupenda ukweli kama yeye.

Ni imani hiyo inayomponza. Anatumwa bungeni kuomba fedha za kuisaidia Kolombia kupambana na walanguzi. Seneta mmoja anamuuliza waziwazi kama kuna wanajeshi watakaopelekwa huko. Ryan anaahidi kwamba hakuna. Anasema hivyo kwa moyo mweupe, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Wakati huo huo mwenzake ofisini, Bob Ritter, naibu mkurugenzi anayesimamia shughuli za siri, amekwisha kukubaliana na Cutter. Jasusi mkongwe aitwaye Clark, anayeigizwa na Willem Dafoe, anakusanya vijana wachache wa jeshi, hodari wa porini. Wanashushwa katika misitu ya Kolombia bila vitambulisho, wachome mitambo ya kokeni na kulipua ndege za walanguzi. Wakikamatwa, hakuna serikali itakayosema inawajua.

Ritter, mjanja wa wajanja, hakuingia katika mambo hayo mikono mitupu. Alidai kwanza waraka wenye idhini ya rais, akaufungia mahali salama. Baadaye, Ryan anapomjia juu kwa hasira, Ritter hashtuki hata kidogo. Anamkumbusha kwamba yeye ana karatasi ya kumkinga, na Ryan hana. Jina lililo katika kumbukumbu za bunge, karibu na ile ahadi ya uongo, ni la Ryan.

Mwanafunzi unayetarajia kuajiriwa ofisini, hapo usimamishe filamu kidogo. Huyu mtu hakuiba wala hakupokea rushwa. Alichofanya ni kusimama mbele ya watu na kuyasema kwa sauti yake maneno aliyopewa na wengine. Nadhani hakuna sinema nyingine ya kijasusi inayoonyesha vizuri hivi jinsi mwaminifu anavyoweza kutumiwa kama kifuniko cha chungu. Wakubwa hawakumchagua licha ya uaminifu wake. Walimchagua kwa sababu yake.

Vita vyenyewe vinakwenda kama vita vyote. Mkuu wa FBI anasafiri kwa siri kwenda Kolombia, siri inavuja kupitia kwa katibu wake aliyedanganywa kwa mapenzi, na msafara wa magari unanaswa katika kichochoro chembamba huku makombora yakimiminika kutoka juu ya mapaa. Ryan ananusurika chupuchupu. Ukiwa na moyo mwepesi, shika kiti. Mwelekezi Phillip Noyce, mzaliwa wa Australia, aliipiga picha mitaa hiyo nchini Meksiko, na filamu iliteuliwa kuwania tuzo mbili za Oscar, zote za sauti. Ilizikosa zote mbili, zikaenda kwa "Speed", ile ya basi lisiloweza kupunguza mwendo.

Kisha linakuja bomu. Wakuu wa walanguzi wanakutana katika jumba moja, na ndege ya kivita ya Marekani inaangusha bomu lililoundwa kwa ganda lisiloacha vipande vya chuma, ili dunia iamini kwamba ni gari lililotegwa na mahasimu wao. Walanguzi wanakufa. Lakini walikuwa wamekuja na familia zao. Kamera inatuonyesha watoto wakicheza kabla ya mlipuko, na kuanzia hapo sikuweza tena kuwashangilia Wamarekani hawa kama nilivyowashangilia mwanzoni. Nafikiri ndivyo Noyce alivyotaka.

Anayenufaika na vurugu zote hizi ni Felix Cortez, jasusi wa zamani aliyeajiriwa na walanguzi. Yeye anagundua nani hasa aliyeangusha bomu, kisha anamtafuta Cutter na kumpa ofa. Atamuondoa bosi wake na kulitwaa genge. Atapunguza kwa nusu kokeni inayoingia Marekani, na kila mara atatoa watu wa kukamatwa ili rais apate cha kujivunia kwenye televisheni. Naye Cutter atoe nini? Awatoe wale vijana walioko msituni. Cutter anakubali. Mawasiliano yanakatwa, redio zinalia bila jibu, na askari wanawindwa kama paa. Filamu inachanganya mauaji hayo na mazishi ya Greer, bendera ikikunjwa kwa heshima huku vijana wakifia matopeni. Wapiganapo ndovu, nyasi huumia, walisema wahenga. Hapa hata hakuna ndovu waliopigana. Walikaa mezani wakaelewana, na nyasi zikaumia vile vile.

Utauliza, je, haya hayakutungwa tu ili kuuza tiketi? Mengi yalitungwa. Lakini mtazamaji Mmarekani wa mwaka wa 1994 hakuhitaji kuelezwa yametoka wapi. Bunge la Marekani lilikuwa limepiga marufuku, mwaka wa 1984, msaada wa kijeshi kwa waasi wa Contra waliokuwa wakipigana na serikali ya Nikaragua. Watu wa Ikulu ya Rais Ronald Reagan wakatafuta mlango wa nyuma. Waliiuzia Irani silaha kwa siri na sehemu ya faida ikaelekezwa kwa waasi hao. Oktoba 1986 ndege iliyokuwa ikiwapelekea silaha ilitunguliwa Nikaragua, Mmarekani mmoja akakamatwa akiwa hai, na kitambaa kikaanza kufumuka.

Mshauri wa usalama wa taifa wakati huo alikuwa John Poindexter, jemadari wa majini, kama Cutter alivyo katika riwaya ya Clancy. Msaidizi wake, Oliver North, alichana nyaraka kwa mashine. Wawili hao walifuta pia barua zao katika kompyuta za Ikulu, wasijue kwamba nakala zilibaki katika kanda za akiba. Wachunguzi walizipata, zikawa ushahidi.

Ukishajua hayo, utaitazama kwa jicho lingine ile sehemu ambamo Ryan anaingia katika faili za Ritter. Fundi mmoja kijana amelikisia neno la siri kwa kuchezea tarehe za kuzaliwa. Ryan anachapisha nyaraka, na Ritter, ofisini kwake, anazifuta moja baada ya nyingine. Wanaume wawili wenye tai, kila mmoja na kibodi yake, mashine ya kuchapisha ikiishiwa karatasi. Hakuna anayerusha ngumi. Hata hivyo mimi niliona pumzi zikinikatika hapo kuliko pale kwenye makombora.

Ni mwishoni ambapo naanza kugombana na filamu hii. Ryan anapanda ndege, anakwenda Kolombia mwenyewe, anamtafuta Clark, wanapata helikopta na kuwaokoa askari waliosalia. Mchambuzi wa makaratasi amegeuka Rambo kwa siku moja! Halafu Wakolombia wenyewe. Nchi ambayo majaji, waandishi wa habari na polisi wake wengi waliuawa kwa kukataa kuwainamia walanguzi, humu inaonyeshwa kana kwamba ina wauaji na watumishi tu. Hata Cortez anaigizwa na Mreno, Joaquim de Almeida, ingawa, haki yake nimpe, anaigiza kwa ufundi kuliko wote.

Lakini filamu inajirekebisha katika dakika za mwisho. Awali, mzee Greer akiwa kitandani alimkumbusha Ryan kwamba kiapo chake hakikuwa kwa rais, bali kwa mwajiri wa rais, yaani wananchi. Ryan anarudi na maneno hayo hadi mbele ya meza ya rais. Rais, bila haya, anamweleza jinsi mambo hayo yanavyomalizwa kimya kimya: lawama zitawekwa juu ya marehemu Greer, na Ryan atabaki na deni la fadhila mfukoni. Ryan anakataa, anatoka, anakwenda bungeni. Tunamwona akiinua mkono kula kiapo, na filamu inakoma. Kama alisadikiwa, kama kuna aliyefungwa, hatuambiwi.

Katika ile kesi ya kweli tunajua. North alipatikana na hatia mwaka wa 1989 na Poindexter mwaka wa 1990. Hukumu zote mbili zilitenguliwa katika rufaa, kwa kuwa ushahidi waliotoa bungeni chini ya kinga ulidhaniwa kuwa umegusa kesi zao. Kisha mkesha wa Krismasi wa mwaka wa 1992, Rais George Bush, aliyekuwa makamu wa Reagan mambo hayo yalipotendeka, aliwasamehe wahusika sita, miongoni mwao aliyekuwa waziri wa ulinzi, Caspar Weinberger, ambaye kesi yake ilikuwa haijaanza kusikilizwa.

Mzazi, watoto wadogo uwalaze kwanza. Damu si nyingi kama ya sinema za siku hizi, ila mauaji ya familia katika mashua na yale ya bomu yanaweza kumkosesha mtoto usingizi. Kwa walio katika shule ya sekondari haina neno, mradi ukae nao ujibu maswali. Nawe anza mapema jioni, kwani inachukua saa mbili na dakika 21, na ukiondoka kupika chai wakati Ryan yuko mbele ya maseneta, huko mbele hutaelewa kwa nini anakasirika hivyo.