Kiashirio cha Nguvu ya Mwelekeo katika Soko Lenye Ukwasi Mdogo: Mipaka ya ADX katika Soko la Hisa la Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza shughuli za ununuzi na uuzaji wa hisa mwezi Aprili 1998, hisa za kampuni ya TOL zikiwa za kwanza kuorodheshwa. Kwa miaka mingi mwekezaji alilazimika kumfuata dalali wa soko ofisini kwake, jambo lililomgharimu mkazi wa pembezoni mwa jiji nauli na muda. Hivi sasa mkazi wa Mbezi Luis anaweza kutoa oda kwa simu kupitia programu ya Hisa Kiganjani. Sambamba na urahisi huo, viashirio vya uchambuzi wa kiufundi vilivyobuniwa kwa kuzingatia masoko makubwa ya nje navyo vimemfikia. Makala haya yanafafanua kimojawapo, yaani ADX, na kubainisha kwa nini usomaji wake uliozoeleka unaweza kumpotosha mwekezaji mdogo.

2.0 Ukokotoaji wa ADX

ADX ilibuniwa na Mmarekani J. Welles Wilder, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978. Kiashirio hiki hakisemi iwapo bei itapanda au itashuka. Hupima tu kiwango ambacho misogeo ya bei imeegemea upande mmoja. Ukokotoaji wake una hatua tatu. Kwanza, bei ya juu na bei ya chini za siku hulinganishwa na zile za siku iliyotangulia ili kupata msogeo wa kupanda au wa kushuka. Pili, misogeo hiyo hulainishwa kwa kipindi cha siku 14 na kugawanywa kwa wastani wa upana wa mabadiliko ya bei, ambapo hupatikana thamani ya kupanda na thamani ya kushuka. Tatu, tofauti ya thamani hizo mbili hugawanywa kwa jumla yake na kuzidishwa kwa 100, kisha jibu hulainishwa tena kwa siku 14. Kwa mazoea, ADX iliyo chini ya 20 huashiria kuwa bei haina mwelekeo, na iliyozidi 25 huashiria mwelekeo wenye nguvu.

3.0 Kimya Kinachohesabiwa kuwa Nguvu

Hisa za benki za NMB na CRDB, zilizoorodheshwa mwaka 2008 na 2009, ni miongoni mwa zinazouzwa na kununuliwa mara kwa mara. Zipo kaunta nyingine ambazo hupitisha siku kadhaa bila muamala wowote. Hapo ndipo tatizo linapoanza.

Tuchukulie hisa ya kubuni iliyobaki shilingi 400 kwa wiki nyingi, na programu ya chati ikaihesabia ADX kuwa 0. Siku moja mtu mmoja ananunua hisa chache kwa shilingi 410. Msogeo wa kupanda ni 10, wa kushuka ni 0. Kwa hiyo jibu la hatua ya tatu ni 100 kabla ya kulainishwa, na ADX inakuwa 7.1. Siku zinazofuata hakuna anayenunua wala anayeuza. Hata hivyo, thamani ya kupanda na ya kushuka hubaki na uwiano uleule, kwa kuwa msogeo na upana hupungua kwa kiwango kimoja. Jibu la 100 hujirudia kila siku, nayo ADX hupanda hadi 13.8, kisha 19.9, na siku ya nne hufika 25.7. Siku ya kumi huvuka 52. Muamala mmoja umetangazwa kuwa mwelekeo wenye nguvu, na kimya ndicho kilichouimarisha.

4.0 Athari kwa Mwekezaji

Anayenunua siku ya nne kwa kuamini kiashirio hiki hukabiliwa na hatari mbili. Bei aliyolipa haijathibitishwa na wanunuzi wengi, na atakapohitaji fedha, pengine za ada ya mtoto, huenda asimpate mnunuzi ila kwa kushusha bei. Ada ya dalali hulipwa katika kununua na katika kuuza, hata pale bei isiposogea.

Kabla ya kuisoma ADX, inafaa kuhesabu siku zilizokuwa na miamala kati ya 14 zilizopita. Zikiwa chache, thamani ya ADX ipuuzwe. Siku zisizo na muamala zinaweza kuondolewa katika ukokotoaji. Katika mfano uliotolewa, ADX ingebaki 7.1. Marekebisho hayo pekee hayatoshi, kwani miamala midogo ya siku mfululizo inaweza kuleta upotoshaji uleule. Kwa sababu hiyo idadi ya hisa zilizobadilishana mikono, pamoja na oda za kununua zinazosubiri, zichunguzwe pia.

5.0 Hitimisho

ADX haina kosa la kihesabu. Inachukulia kwamba kila siku ya soko ina wanunuzi na wauzaji, na pale dhana hiyo isipotimia, namba yake haielezi nguvu ya soko. Katika soko lenye ukwasi mdogo, swali la kwanza la mwekezaji liwe ni watu wangapi wameifanya bei isogee, ndipo lifuate swali la nguvu ya mwelekeo.