Kibao cha Namba si Pambo

Umezuka katika barabara za mkoa wetu mtindo ambao, ukitazamwa juujuu, waonekana kuwa ni mchezo wa vijana wenye fedha za kuchezea. Lakini ukichunguzwa kwa makini ni jambo linalogusa usalama wa raia na heshima ya sheria. Mtindo wenyewe ni wa wenye magari kung'oa vibao vya namba walivyopewa kihalali, na badala yake kubandika vibao vya kubuni: vyenye herufi zilizoinuka na kupinda kama nakshi za mlango, vyenye herufi nyembamba mfano wa uzi, vilivyofunikwa plastiki nyeusi, au vyenye jina la mtu tu pasipo namba yoyote. Wengine hawabandiki kitu kabisa.

Wapo watakaouliza: kuna ubaya gani? Gari ni lake, fedha ni zake, na kibao amekilipia mwenyewe. Swali hili linastahili jibu, kwa sababu wengi wanaolileta hawana nia mbaya. Hawajaelezwa tu kibao kile ni kitu gani.

Gari linaposajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania huandikwa katika daftari pamoja na namba ya chesisi, namba ya injini na jina la mwenyewe. Kutokana na daftari hilo hupewa namba moja, ambayo haitakiwi kuwa na pacha nchini. Gari la mtu binafsi huvaa kibao cha njano, na gari la biashara huvaa kibao cheupe. Pikipiki huanza na herufi MC. Gari la Serikali huanza na ST, la shirika la umma huandikwa SU, la mradi wa wafadhili DFP, na lile linalopita tu nchini kwenda kwa majirani huitwa na kila mtu gari la IT. Hivyo basi mama aliyesimama kituoni na mtoto mgongoni, hata kama kusoma kwake ni kwa taabu, aweza kujua kwa rangi peke yake kama hili ni gari la abiria au ni teksi bubu.

Kwa maneno mengine, kibao ni jina la gari mbele ya umma. Mwenye gari amekabidhiwa tu akitunze, wala hakumilikishwa apendavyo. Sisi tulioanzia chuoni kabla ya kwenda shule ya Serikali tulifunzwa mapema kwamba kila mja ana daftari lake, na lililoandikwa humo halifutwi kwa kujipamba. Huku barabarani nako ni vivyo hivyo. Misingi ya sheria zetu katika jambo hili iliwekwa mwaka 1972, kwa sheria ya kodi ya usajili na uhamisho wa magari, na mwaka 1973, kwa Sheria ya Usalama Barabarani. Shabaha yake ni nyepesi kuelewa: gari lijulikane, na mwenye gari apatikane.

Uzito wa jambo hili nilifundishwa na tukio moja. Katika kijiji kimoja kilichoko kandokando ya barabara kuu, bibi mmoja muuza machungwa aligongwa jioni alipokuwa akivuka na ungo wake. Gari halikusimama. Watoto watatu waliokuwa wakicheza pale walikimbia nyuma yake wakilitazama, kama walivyofundishwa shuleni, ili waishike namba. Nilipofika kuwapa pole jamaa, niliwakuta watoto wale wameketi mbele ya askari. Mmoja alisema aliona herufi zilizokuwa zikimeta kama kioo. Wa pili alisema zilikuwa kama maua. Wa tatu alilia tu. Bibi yule aliishi, lakini mguu wake haukurudi kuwa mguu, na gharama za matibabu zilibebwa na wanawe ambao ni wakulima wadogo. Bima ya gari lile, kama lilikuwa nayo, haikudaiwa hata senti moja, maana hakukuwa na wa kudaiwa. Tangu siku ile siwezi kuviita vibao hivi mapambo.

Isidhaniwe kwamba madhara yanaishia kwenye ajali. Siku hizi deni la faini hufuata namba ya gari, na hata uhalali wa bima huangaliwa kwa namba hiyo hiyo. Tochi ya askari inapolinasa gari lililopita kijijini kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa, linalosomwa ni kibao, si uso wa dereva. Mhalifu akiiga namba ya mwenzake, deni litamwendea mtu aliyelala nyumbani kwake bila habari. Na mwenye namba isiyosomeka huwa amejitoa kabisa katika hesabu ya wanaowajibika.

Liko na jambo zito zaidi, ambalo haifai tulinong'one. Gari lisilo na namba linaposimama usiku mlangoni pa mtu, jirani hana njia ya kujua kama waliomo ni walinzi wa amani au ni majambazi. Mtumishi wa dola anayekwenda kumkamata mtu kwa mujibu wa sheria hana sababu ya kujificha, kwani sheria ndiyo ngao yake. Gari lisilojulikana huwapa wahalifu vazi la kuiga, na humwondolea raia imani kwa wale wanaomlinda kwa haki.

Hapana budi tutofautishe mambo. Sheria yenyewe inaruhusu mtu kusajili jina au maneno ayapendayo kama namba maalumu, kwa ada. Katika bajeti ya mwaka 2016/17 ada hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 5,000,000 hadi shilingi 10,000,000 kwa kila miaka mitatu. Aliyelipa na kuandikwa daftarini hana kosa. Jina lake ni namba kamili na mwenyewe anajulikana. Mtu aweza kuuliza kama fahari ya namna hiyo yapendeza katika nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, lakini hilo ni suala la ladha na dhamira. Tunayemzungumza hapa ni yule anayeitaka fahari hiyo bila kuilipia na bila kuandikwa.

Sasa tuje kwenye utekelezaji, maana hapo ndipo mwananchi anapotupima. Kijana wa bodaboda ambaye kibao chake kimechakaa kwa tope na jua husimamishwa, huandikiwa faini, na pengine pikipiki yake hulala kituoni. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini za bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, kwa kutambua kuwa kipato chao ni kidogo. Lakini gari kubwa lenye vioo vyeusi na kibao cha nakshi hupita, na askari kijana hugeuza uso, akihofia kwamba aliyemo ndani ni mtu wa kupiga simu. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Sisi tuliokula kiapo cha kumtetea mnyonge huyo tutamjibu nini?

Na katika hili tuanze kujikosoa wenyewe. Kila msimu wa uchaguzi misafara ya wagombea hupita na magari ambayo vibao vyake vimefunikwa kwa bendera na picha. Chama changu hakimo nje ya lawama hiyo. Yapo pia manung'uniko ya wananchi kwamba baadhi ya magari ya umma hubadilishwa namba jioni ili yaonekane ya kiraia, yakaende kwenye shughuli zisizo za umma. Kiongozi anayefanya hivyo anakiri kwa mkono wake kuwa aendako hapastahili kuonekana. Wazee wetu hutusimulia kuwa katika miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana bila kibali, na mwananchi wa kawaida aliitazama namba ya mkubwa kwa jicho lile lile aliloitazamia ya mdogo. Jicho hilo tusilipofushe.

Yanayotakiwa si makubwa. Mwenye gari arudishe kibao halali, na kikichakaa akafuate utaratibu wa kupata kingine. Anayenunua gari abadilishe kadi iwe kwa jina lake, asiendelee kutembelea jina la mtu mwingine. Mafundi wa vibao waelewe kwamba kutengeneza namba bila idhini si ufundi wa kujivunia. Wakuu wa polisi wamhakikishie askari aliyeko barabarani kwamba hatahamishwa kwa kumsimamisha mkubwa. Na viongozi, wa Chama na wa Serikali, tukague magari yetu kwanza kabla ya kuhutubia.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno unaokata upande mmoja tu si msumeno tena, bali ni kisu mkononi mwa mwenye nguvu. Bibi wa machungwa bado huketi kando ya barabara ile ile na fimbo yake, na magari bado hupita. Angalau aweze kuzisoma namba zake.